Tangu Oktoba Mpaka Pasaka

Kwetu milimani hakuna anayekufundisha lini ubadilishe matairi, unazaliwa unajua. Tangu Oktoba mpaka Pasaka unafunga ya theluji, baada ya Pasaka unafunga ya joto. Mtu akionekana Mei bado ananguruma barabarani na matairi ya theluji, majirani watauliza kama nyumbani kuna msiba. Shida ni kwamba Oktoba haihami, ila Pasaka inahama, na mwaka ule iliangukia Machi. Hilo nililijua vizuri. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure.

Jina langu Zenta. Niliuza mikate miaka thelathini na tisa, na nilipostaafu nikajinunulia gari la spoti, jekundu, viti viwili, paa la kukunja. Mdogo wangu Vitus, mtengeneza jibini, ambaye ninaishi naye katika nyumba ya wazazi wetu, alilizunguka mara mbili siku ya kwanza akasema, "Dada, hili si gari, hiki ni kiatu." Jioni yake akaniomba nimpeleke mpaka ziwani, na njia nzima alikuwa anapiga vigelegele.

Miaka miwili ya mwanzo gari lile lilikuwa na matairi ya joto peke yake, na ikifika Novemba linalala bandani kama magari yote ya aina yake. Msimu wa baridi tulitumia gari la mizigo la Vitus. Halafu Septemba gari la mizigo likaanguka kwenye ukaguzi, mkaguzi akalitazama chini akasema hata yeye anaogopa kuligusa. Tukabaki na kiatu.

Hapo ndipo matairi yalipoacha kuwa mambo ya urembo. Maana Vitus figo zake zilikuwa zimekufa miaka minne nyuma. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi teksi ya wagonjwa ilimpeleka mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri figo. Hospitali kule Munich walituambia wazi: simu inaweza kulia saa yoyote, siku yoyote, na ikilia mnakuja. Msipofika kwa wakati, figo inakwenda kwa anayefuata. Vitus alikuwa amekatazwa na daktari kuendesha kwa sababu ya kizunguzungu. Dereva nilikuwa mimi.

Tukaenda kwa Xaver, fundi matairi wetu, mtu mwenye mikono kama makoleo na maneno machache.

"Tufungie ya misimu yote," Vitus akasema kabla sijafungua mdomo. "Yafungwe mara moja, basi. Tusicheze na tarehe."

"Kwenye gari hili?" Xaver akaguna. "Tairi la misimu yote ni bata. Anaogelea, anatembea, anaruka, na hakuna hata kimoja anachokifanya vizuri. Kwa gari la kwenda sokoni, sawa. Hili lina nguvu na linasukuma kwa nyuma. Julai lami ikichemka, breki zitachelewa. Januari kwenye mteremko wenu, nisiseme."

"Lakini litakwenda?"

"Litakwenda. Mimi nakwambia lipi zuri, sikwambii lipi linatosha."

Nikachagua seti mbili. Sababu yangu ya kusema mbele za watu ilikuwa ile ya Xaver. Sababu ya moyoni ilikuwa rimu za fedha za matairi ya joto, ambazo nilikuwa nazisugua kwa mswaki. Za theluji zilikuwa ndogo, nyeusi, na matairi yake membamba. Vitus aliyaita matairi ya baiskeli ya padre.

Msimu wa baridi ukapita, tukawa tunalala na simu katikati ya meza, na simu haikulia. Wiki ya Pasaka jua likawaka mpaka watu wakavua makoti. Jumamosi Kuu nikachukua nafasi yangu kwa Xaver pamoja na kijiji kizima.

"Ngoja wiki tatu, dada," Vitus alisema.

"Mpaka Pasaka ni mpaka Pasaka."

"Pasaka ni ya kanisa. Mawingu hayana kalenda."

"Unataka niende misa ya Pasaka na matairi ya baiskeli?"

"Nataka uende Munich ukiitwa."

Nikamwambia aache uchuro. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo halikutajwa, nami nikaitumia nafasi hiyo. Siku ya pili nikafika kanisani rimu zinameta, kapu la mayai na nyama ya kubarikiwa mapajani mwa Vitus, watu wakageuka kutazama, na nilifurahi. Matairi ya theluji niliyapanga kwenye zizi la zamani nyumbani, maana sijawahi kuona haja ya kumwekesha mtu kitu changu.

Alhamisi ya tatu ya Aprili tukaamka theluji iko magotini na bado inaanguka. Nilitazama dirishani, nikarudisha pazia. Vitus akaenda kukata mkate. Angenilaumu, ingekuwa nafuu.

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi simu ikalia. Alipokea mdomo umejaa mkate. Nikamwona anauweka ule mkate mezani taratibu. Akasema "ndiyo" mara nne, akakata.

"Wanayo," akasema. "Tuwe pale kabla ya saa nane mchana."

Kwenda Munich kwa siku ya kawaida ni saa mbili. Nikapiga simu gari la wagonjwa. Njia za bondeni zimejaa ajali, mapema kabisa ni saa saba. Nikampigia mwenye teksi wa mjini. Yuko mtaroni, anasubiri kuvutwa. Jirani yetu Ottilie gari lake lilikuwa limelala kwenye uzio wake mwenyewe tangu asubuhi, na wa nyumba ya tatu hakuthubutu hata kutoa lake. Wote walikuwa kwenye foleni ya Xaver Jumamosi Kuu. Kijiji kizima tulikuwa watiifu. Simu ya Xaver mwenyewe ilikuwa haishikiki, bila shaka nusu ya wilaya ilikuwa inampigia.

Niliketi kwenye benchi la jikoni. Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Nimemuua ndugu yangu kwa ajili ya rimu."

"Zenta," Vitus akasema. Huwa haniiti jina. "Hayo utalia njiani. Jeki iko wapi?"

Miaka thelathini na tisa nimekanda unga, mikono ninayo, lakini tairi sikuwahi kufungua hata moja. Jeki ilizama kwenye theluji mara ya kwanza, gari likainama kama linasujudu. Vitus akaingia kwenye chumba cha jibini, akarudi na mbao mbili za kukomazia jibini, zile nene za msonobari, akazisukuma chini ya jeki.

"Mbao za baba!"

"Baba angezitoa mwenyewe. Zungusha."

Yeye hakuruhusiwa kunyanyua kitu. Mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na mshipa wa mashine, ukiharibika umeharibika. Kwa hiyo alinitolea amri na mimi nikafanya kazi. Legeza nati kwanza kabla hujainua, dada. Si hivyo, kinyume. Kinyume cha hiyo kinyume. Ningekuwa na nafasi ningempiga na spana. La kwanza likatoka, la pili, la tatu. Vidole havinisikii tena, pua inachuruzika, najifuta kwa mkono wa koti.

La nne, nyuma kulia, nati moja ikakataa. Xaver alikuwa ameikaza kwa ile mashine yake ya upepo kana kwamba nakwenda nalo mwezini. Nikavuta, nikasukuma, nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili nikarukaruka. Haikutikisika. Saa yangu ilisema saa nne na robo. Nikaanza kulia kweli, kwa kwikwi, kama mtoto.

"Shuka," Vitus akasema.

"Daktari amekataza—"

"Daktari amekataza mkono. Mimi natumia mwili. Leo ni siku ya mashine na sijaenda, nina kilo mbili za maji ya bure humu, hayajatolewa. Shuka."

Akashika paa la gari kwa mkono wa kulia, akapanda juu ya spana, akajiachia. Nati ikapiga yowe, ikalegea, na yeye akakaa kitako kwenye theluji. Nilidhani amevunjika. Alikuwa anacheka.

Saa tano kasoro dakika ishirini tulikuwa tumetoka. Buti lilikuwa na magunia mawili ya chumvi ya jibini ili nyuma pawe pazito, wazo la Vitus. Mteremko wetu una kona saba, na kila kona ilikuwa na gari la mtu ninayemjua limetazama pasipotazamwa. Niliteremka kwa gia ya kwanza, taratibu, bila kugusa breki, nikimtaja mtakatifu mmoja kila kona mpaka wakaniishia. Matairi ya baiskeli yaliuma theluji kama meno. Yalikwenda nilipoyaambia yaende. Sijawahi kukipenda kitu kibaya namna ile.

Chini barabarani polisi walikuwa wamefunga njia. Askari kijana akaliona gari jekundu linakuja, akainua mkono, uso tayari umekasirika.

"Bibi, na hili? Leo?"

"Tazama chini, mwanangu."

Akachuchumaa, akapangusa tairi kwa glavu, akatafuta alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ile ya matairi ya baridi. Akaipata. Akazunguka, akatazama na la pili. Akainuka uso umebadilika.

"Wewe wa kwanza asubuhi hii uliye na akili," akasema, akatupisha.

Tulipopita Vitus akaniinamia. "Usimwambie yana umri wa dakika kumi na tano."

Kwenye barabara kuu theluji ikageuka mvua, na mimi nikalia kama nilivyoruhusiwa. Nikamwomba msamaha. Nikasema ilikuwa majivuno, si sheria wala si Xaver, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi tangu Oktoba. Akapangusa ukungu kwenye kioo.

"Bata angetufikisha," akasema.

"Angetufikisha."

"Basi umesema. Sasa kanyaga kidogo, lori linatupita, aibu hii."

Tulifika saa saba na dakika ishirini na tano. Wakamchukua damu, wakampima, wakatuambia tusubiri, maana mpaka dakika ya mwisho figo inaweza ikakataliwa. Saa kumi na moja daktari akaja akasema inamfaa. Walipomsukuma kwenye kitanda akaniachia miwani yake, akanikonyeza, milango ikajifunga.

Nilikaa pale na miwani mkononi. Nilimfikiria yule mwingine, mwenye figo ile, ambaye simjui na sitamjua, ambaye watu wake siku hiyo hiyo walikuwa wanamlilia. Nikamwombea. Sikujua niseme nini zaidi ya asante, na asante ilionekana ndogo.

Asubuhi nilikuwa bado kwenye kiti kile kile, shingo imekakamaa, muuguzi aliponigusa bega. Mwanamke mnene, mchangamfu, jina lake Edeltraud.

"Wewe ndiye dada yake wa jibini?"

"Jibini ni lake. Mimi wa mikate."

"Basi wa mikate, kaka yako amekojoa."

Nilisimama. Alikuwa hajakojoa kitu cha maana kwa miaka minne. Nilimkumbatia yule mama wa watu mpaka kofia ikamtoka, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha jirani, mgeni kabisa, akanipa mkono kama mtu anayempongeza mwenye harusi.

Wakanivalisha joho na barakoa, wakaniingiza. Vitus alikuwa mweupe kama shuka, mirija kila mahali, jicho moja wazi. Kwenye kitanda ulining'inia mfuko, na mfuko ulikuwa na rangi ya bia.

"Umeambiwa?" akanong'ona.

"Nimeambiwa."

"Lita mbili na nusu," akasema, na majivuno yale hata mimi kanisani sikuwa nayo. "Tangu saa tisa. Na bado inakuja."

Nikamwambia kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo zuri kuliko hilo. Akaanza kucheka, akashika mshono, nami nikaanza kucheka, na Edeltraud akaja mbio kutunyamazisha.