Swichi Mbili Zilizosubiriana

Mlango wa chumba cha seva ulikuwa na maandishi mekundu ya kukataza watu kuingia, lakini mama yule aliusukuma kwa bega kama mlango wa jikoni kwake. Akaingia na mfuko wa plastiki mkononi, akasimama katikati ya baridi na ngurumo za mashine.

"Hapa ndipo zinapokaa picha?"

Tulia aligeuka na kiti chake. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake wa kitengo cha kompyuta cha hospitali walimbandika kwa dhihaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Tangu asubuhi alikuwa ametafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikawa bapa, na mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza kama unakanyaga cherehani.

"Mama, huku haruhusiwi mtu."

"Najua, nimesoma. Nimechoka kusoma vya milangoni."

Akaeleza akiwa amesimama. Mumewe amelazwa ghorofa ya juu. Daktari bingwa wa moyo, mgeni, yuko tayari kumpasua leo, ila kwanza anataka kuiona picha ya moyo aliyopigwa miaka ya nyuma, apate kulinganisha. Jioni daktari anaondoka, na hakuna ajuaye atarudi lini.

"Mapokezi wameniambia nitaambiwa. Wauguzi, nitaambiwa. Chumba cha picha, nitaambiwa. Sasa mwanangu, nani hasa ataniambia?"

Tulia akaitupia jicho skrini mbele yake; kilichoizuia picha ile kilikuwa pale pale.

Picha za zamani zilibaki kwenye tawi la hospitali, mji mwingine. Kule zilibaki diski tu. Mashine za kuzisoma zilikwishahamishiwa huku. Kazi ya Tulia ilikuwa kuunganisha pande mbili kwa handaki. Handaki lenyewe halichimbwi kwa jembe. Swichi ya huku na swichi ya kule, yaani mashine za kupitishia data, kila moja hupewa anwani yake na anwani ya mwenzake, kisha data za diski hufungwa ndani ya vifurushi vya mtandao wa kawaida, husafiri, na kufunguliwa ng'ambo kana kwamba diski na mashine ziko chumba kimoja. Kwenye karatasi ilikuwa kazi rahisi kama kunywa maji. Lakini handaki liligoma kuamka. Anwani zilikuwa sahihi, ukuta wa ulinzi wa mtandao ulikuwa umefunguliwa, swichi zilisalimiana vizuri zikijaribiwa, na bado taa ya handaki ilibaki ya rangi ya chungwa.

"Mimi," Tulia akasema. "Nitakuambia mimi. Picha ifike isifike, nitapanda mwenyewe mpaka ulipo."

Mama akamtazama usoni, kisha akautazama mguu.

"Mguu wako una haraka kukushinda." Akashika kitasa. "Na simu zenu ni vituko. Wa kule nimewapigia, wanasema wanangoja wa huku wawapigie. Wa huku wanangoja wa kule. Mnaogopana?"

Tulia akacheka kwa adabu, mlango ukafungwa.

Akarudia anwani, tarakimu kwa tarakimu. Akachomoa kebo, akaipuliza, akairudisha. Akainuka, akazunguka kabati la swichi, akakaa, akainuka tena. Bosi akachungulia na simu sikioni.

"Mkurugenzi anakuja kuliona handaki lako. Utamweleza wewe. Akikusikia mwenyewe, sitakuwa na haja ya kuuombea mkataba wako."

Mkataba wake wa muda ulikuwa unakaribia kwisha. Kwa miezi mingi Tulia alikuwa akiyapanga kichwani maneno ambayo angemwambia mkurugenzi.

"Sawa, bosi," akasema, na macho yake hayakutoka kwenye taa. Maneno ya mama yakamrudia. Wa huku wanangoja wa kule. Mkono wake ukasimama juu ya vibonye. Akapanda na skrini mpaka kwenye mipangilio ya upande wake, akapita anwani, akafika kwenye mstari ambao siku nzima jicho lake lilikuwa likiuruka kwa sababu aliuandika mwenyewe. Akanyanyua simu.

Fundi wa kule aliitwa Babu Kebo. Hakuwa mzee; mvi tu zilimwahi.

"Kaka, nisomee mipangilio yako. Mstari kwa mstari, usiruke."

"Si nimekusomea asubuhi, dada?"

"Ulisoma anwani. Soma na chini yake."

Sauti ya vibonye ikasikika. Kisha pumzi ndefu.

"Hapa nimeiambia isubiri kupigiwa."

"Na mimi."

"Si jana tulikubaliana utaanza wewe?"

"Nilikuambia anza wewe. Ukasema hapana, wakubwa ndio huanza."

"Mkubwa ni wewe, uko makao makuu."

"Mimi nikajua ni wewe, una mvi."

Walikuwa wamepishana kwa heshima kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimkaribisha mwenzake, na kila mmoja akaiamuru swichi yake ikae kimya ingoje.

"Basi futa," Babu Kebo akasema, "uanze w—"

"Usilirudie neno hilo, kaka. Naanza mimi. Wewe usiguse kitu."

Akalizima handaki, akaufuta mstari, akaliwasha. Taa ikapepesa rangi ya chungwa, ikasita, ikawa kijani. Diski za kule zikaanza kujitokeza kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Akapigia simu chumba cha picha.

"Ngoja," akasema mpiga picha. "Inafunguka. Inafunguka taratibu. Eeh, naona moyo. Nampelekea daktari sasa hivi."

Tulia alikuwa ameshafika mlangoni alipokutana na bosi, na nyuma yake Tai, mwenzao asiyevua tai hata siku ya joto.

"Unakwenda wapi? Mkurugenzi yuko kwenye ngazi."

"Kuna mtu juu nimemwahidi, bosi. Nampa habari yake narudi."

"Mpigie muuguzi amwambie."

"Nilimwambia nitakwenda mwenyewe."

"Tulia, yule hangoji mtu. Ukitoka, ataeleza Tai."

Tai akajishika fundo la tai shingoni. Maneno yote yale Tulia aliyoyapanga yakamjaa kinywani, akayameza.

"Akikuuliza nani anaanza kupiga," akamwambia Tai, "mwambie sisi."

Kwenye ngazi akapishana na msafara. Akajibana ukutani, akamwamkia mkurugenzi shikamoo, akaitikiwa na mtu mwingine wa msafara asiyemjua, wakashuka. Yeye akapanda.

Mama alikuwa kwenye benchi, mfuko mapajani.

"Imefika, mama. Daktari anayo."

Mlango wa wodi ulifunguka, kitanda cha magurudumu kikasukumwa kupita mbele yao kuelekea chumba cha upasuaji, na mkono wa mumewe ukainuka kidogo kutoka kwenye shuka. Mama akainua wake. Kisha akasogeza mfuko, na Tulia akakaa.

Mguu wake bado ulikuwa unacheza. Mama akaweka kiganja juu ya goti lile, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, wakabaki hivyo, wanautazama mlango wa upasuaji.