Mstari wa Kalamu Kwenye Mguu wa Loise

Siku ya sita baada ya binti yangu Loise kujifungua, nilimkanda vile mama yangu alivyonikanda mimi kule Werugha. Nilichemsha maji kwenye sufuria kubwa na majani ya mkaratusi, nikayaepua, nikayaacha yatulie kidogo tu, kiasi cha mkono kuingia na kutoka haraka. Taulo unaichovya, unaikamua, unaibandika mgongoni, kiunoni, halafu unashuka na miguu. Ukimaliza unamfunga tumbo kwa leso, unakaza. Na mzazi hatakiwi kupiga kelele. Mimi nililia kidogo kwa mtoto wangu wa kwanza, na shangazi zangu waliendelea kunicheka kwa hilo mpaka nikawa na mvi. Kwa hivyo Loise nilimwambia mapema akaze meno.

Mgongoni aliguna. Kiunoni alishika ubao wa kitanda. Lakini nilipofika mguu wa kushoto, kutoka chini ya goti, alinyamaza kabisa.

Jirani yangu Mama Katuku alikuwa amekaa kwenye kigoda, amempakata mtoto. Akasema, "Huyu ametoka wapi? Si wewe uliimba kwaya nzima siku yako?"

"Ametoa kwa baba yake," nikamwambia. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikachovya taulo tena, nikaibandika juu ya mguu, hapo kamba za kiatu hufungwa, nikaibonyeza kwa viganja vyote viwili na kuhesabu mpaka ishirini.

"Ni moto sana?" nikamuuliza.

"Iko sawa, mama."

Asubuhi nilimpelekea uji wa wimbi. Alikuwa amelala, mguu umetoka nje ya blanketi, na pale nilipohesabu ishirini palikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kuku, limejaa maji. Pembeni yake kulikuwa na mengine madogo matatu. Uji ulinimwagikia mkononi nikaweka kikombe chini. Uliniuma, na hapo ndipo mawazo mabaya yalinijia. Mimi kwa uji wa kunywa nimeruka. Yeye kwa maji yale alisema iko sawa.

Nilikaa kitandani, nikamgusa kidole gumba cha mguu. Hakuamka. Nikakifinya. Nikakifinya kwa kucha. Alikuwa anapumua tu taratibu, na mtoto kando yake.

Nilipomwamsha, alitazama lengelenge kama ni la mtu mwingine.

"Loise, niambie ukweli. Huu mguu unausikia?"

"Tangu hospitali umelala, mama. Hata kuinuka mbele hauinuki. Nilifikiri ni uchovu. Nikisema, wangenizuia wodini, na nilitaka kuja nyumbani."

"Na jana?"

"Ulisema nikaze meno. Kwingine nilikaza. Hapo hapakuwa na cha kukazia."

Nilikumbuka sasa slipa yake ilivyokuwa inaburuta simiti siku zote tangu atoke hospitali, na mimi nikasema ni nyuzi alizoshonwa zinamvuta. Loise ni fundi wa nguo. Ana cherehani yake ya kukanyaga pale Voi, chini ya baraza ya duka la mbegu, na anajulikana kwa sare za shule. Fundi asiye na mguu atakanyaga na nini? Hilo sikulisema. Na chini yake kulikuwa na lingine zito zaidi: huenda mguu ulikuwa umechoka tu, na mimi na sufuria yangu ndio tumeuua.

Danson, mwenye gari la Probox, alitushusha hospitali ya Voi siku hiyo hiyo. Loise alikaa nyuma na mtoto, Wakesho, mguu ukiwa juu ya mto. Njia nzima kutoka kwetu Mbololo nilikuwa nafikiria mume wake, Sylus, aliyekuwa kazini Mata kwenye mashamba ya migomba, na jinsi nitakavyompigia simu.

Mtu wa fizio, wa mazoezi ya viungo, alikuwa msichana mdogo kwa sura, anaitwa Kavinya, na viatu vya raba. Aliangalia lengelenge kabla ya kitu kingine.

"Hii imetoka wapi?"

"Nilimwagikiwa na chai," Loise akasema upesi, bila kuniangalia.

Kavinya aliinama, akazungusha mguu polepole. "Chai imeanguka imenyooka hivi? Haikuruka hata tone moja kwenye vidole?"

Loise akatazama ukuta. Niliona anavyonikinga, na nikaogopa zaidi kuliko kama angenishtaki. Nikafikiri, huyu dada akitibu chai, atatibu kitu ambacho hakikutokea.

"Si chai," nikasema. "Ni mimi. Nilimkanda na maji moto jana saa kumi, na hakusema kitu, na mimi nikazidisha."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Kabisa. Nilimsifu."

Nilingoja anigombeze. Badala yake aliita muuguzi aje asafishe kidonda, na muuguzi alipomaliza, akatoa pamba, akamwambia Loise afumbe macho. Alianzia kwenye goti, anagusa kidogo kidogo akishuka. "Nasikia," Loise akasema. "Nasikia. Nasikia." Halafu akanyamaza. Pamba ilikuwa bado inagusa. Ilishuka kwa upande wa nje wa mguu mpaka vidoleni, Loise amefumba macho, anangoja. "Umeacha?" akauliza.

Sijawahi kusikia neno likinitisha kama hilo.

Kavinya alichukua kalamu ya wino, akachora mstari vidole vinne chini ya goti. Juu ya mstari anasikia, chini hasikii. Akamwambia ainue mguu kuelekea usoni. Paja likatetemeka, goti likapanda, lakini mguu wenyewe ulining'inia tu.

"Mtoto alikuwa na kilo ngapi?"

"Nne na nusu. Na nilisukuma muda mrefu."

"Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga. Kichwa cha mtoto kinaweza kuubana, au mtu akikunja magoti muda mrefu ukabanwa hapa kando ya goti." Akanigeukia. "Nyanya, kuungua ni kwako. Mguu kulala si kwako. Ulilala kabla ya maji."

Nilitaka kulia lakini niliona bado mapema.

"Mguu utarudi?" nikauliza.

"Mara nyingi hurudi. Huchukua wiki, au miezi. Kuna wachache haurudi wote. Siwezi kukuapia."

Alijaribu kufungua leso ya tumbo, na fundo likamshinda. "Nani amefunga huu mzigo wa kuni?" Loise alicheka kwa mara ya kwanza, akishika nyuzi zake. Kavinya akaeleza kwamba kukaza hivyo kunasukuma kila kitu chini, ambako tayari kumechoka. Akamfundisha kupumua, na kubana kule chini kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuachia. Kwa mguu akampa kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo usianguke. Kila siku nimnyooshe kisigino, na kila siku Loise ajaribu kuinua hata kama hakuna kinachoinuka. Maji moto marufuku. Maji ya kuoga nipime kwa kiwiko changu, si kwa neno lake.

"Na mstari huu," akasema, "wewe ndiye utauchora. Kila jioni, kwa pamba. Uwe mwaminifu."

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini mstari najua kuchora. Kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla jua halijazama nyuma ya mlima, Loise alifumba macho na mimi nikashuka na pamba. Wiki ya kwanza mstari haukusogea. Ya pili ukashuka upana wa kidole. Ya tatu kidole kingine na nusu. Mama Katuku akasema, "Hata barabara ya Werugha haijengwi polepole hivi." Halafu ukakwama. Siku kumi na moja nilichora juu ya wino ule ule mpaka ngozi ikawa bluu. Siku moja nilihisi mkono wangu unachora chini zaidi, nikitaka tu kumpa kitu. Nikafuta kwa mate nikachora pale pale pa jana.

Mteja wa sare alipiga simu akiuliza fundi anarudi lini. Loise alimwambia, "Karibu." Alipokata, alikaa akitazama ule mguu. "Mama, kama hautarudi?"

Nilimnyoosha kisigino.

Siku ya kumi na mbili tangu mstari ukwame nilikuwa namuogesha Wakesho kwenye karai, sakafuni mbele ya kiti cha Loise. Maji nilipima kwa kiwiko mara mbili. Tangu siku ile siamini mkono wangu. Mtoto ana miguu yenye nguvu. Alipiga teke moja, maji yakaruka.

"Mama, umenimwagia," Loise akasema, akavuta mguu.

Nilimtazama. Kulikuwa na tone la maji juu ya mguu wa kushoto, kando kidogo ya kovu, hapo kamba za kiatu hufungwa. Chini kabisa ya mstari.

"Umeona au umesikia?"

Alikuwa anatazama dirishani, nguo ya mtoto mkononi. Yeye mwenyewe alichelewa kuelewa nilichouliza.

"Ni vuguvugu," akasema taratibu.

"Fumba macho."

Mikono yangu ilikuwa na sabuni, na mtoto alikuwa anateleza. Nilichovya kidole kimoja, nikakiweka penye kovu. Alisema, "Hapo." Nikakiweka karibu na kidole kidogo cha mguu. Kimya. Nikarudi kwenye kovu. "Hapo," akasema tena.

Mguu ulikuwa bado unaning'inia. Vidole vilikuwa bado havijui kitu. Nilimfunga Wakesho kwenye taulo, nikamweka mapajani mwa mama yake, nikaanza kutafuta kalamu.