Siku Hezaboni Ilipokimbia

Jina Nyirabagenzi maana yake ni mama wa wasafiri, na waliompa hawakujua wanafanya mzaha gani. Katika miaka yake sitini na mitatu, mama huyu wa Kashuga alikuwa amesafiri mara nne, zote kwa miguu, zote na godoro kichwani: mara mbili mpaka Mweso, mara moja mpaka Kitshanga, na mara moja, ile asiyopenda kuisimulia, siku sita za msitu hadi Itebero kule Walikale. Kwa hiyo binti yake Solange alipompigia simu kusema amemtumia tiketi ya ndege aende Uingereza, mama aliuliza swali moja tu.

"Godoro iko kule, ao nilete?"

"Iko, Mama," alisema Solange.

Solange alikuwa ameolewa na Giles, Mwingereza mrefu aliyekuja Mweso kutengeneza mabomba ya maji akaondoka na mke. Sasa walikuwa wakiishi katika nyumba ya mama yake Giles, Bibi Dorothy, kwenye mji mdogo wa soko uitwao Hazelborne, na Solange alikuwa na mimba ya miezi minane. Ulimi wa Nyirabagenzi haukulikubali jina hilo la mji. Aliuita Hezaboni, na ukasikika kama mji wa Agano la Kale.

Solange alidhani mama yake amekuja kutalii. Wapi! Mwanamke wa Kashuga akienda kumtazama binti yake aliyeolewa, haangalii mapazia wala sahani. Anatafuta jambo moja: siku ya kukimbia, nani atamshika mkono? Nyirabagenzi aliujua uzito wa swali hilo. Katika safari ya Itebero alikuwa na mimba kubwa kama hii ya Solange, na mama mkwe wake, risasi zilipoanza, alichukua redio na kuku wawili akatangulia bila kugeuka nyuma. Redio ilifika Itebero. Mimba haikufika.

Basi tangu siku ya kwanza alimpima Bibi Dorothy kwa macho, na alichokiona hakikumpendeza. Dorothy alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye nyonga mbovu na maneno ya upole, na alimsalimu mke wa mwanawe kutoka upande wa pili wa meza, kama tulivyosalimiana Kivu wakati wa Ebola. Alikuwa na mbwa mzee mnene aitwaye Biskuti. Asubuhi mbwa alipigwa busu. Solange alipewa chai.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko, na Dorothy, ambaye alikuwa katika chama cha historia cha mji, aliamua kumtembeza mgeni. Alitangulia hatua tatu, mwavuli mkononi, Solange akimfuata na mkono kiunoni ili atafsiri. Nyirabagenzi alitazama vilima vya kijani nyuma ya mji, ng'ombe weusi kwa weupe wakila majani, ukungu ukiwa bado bondeni. Alikuwa amepanda ndege mbili na treni moja kuja kuviona vilima vya kwao Masisi.

"Anasema soko hii ilianza miaka mia nane iliyopita," alitafsiri Solange. "Mufalme njo aliwapatia karatasi ya ruhusa."

"Karatasi moja? Kwa miaka mia nane?" Nyirabagenzi alisimama. "Soko yetu inaombaka ruhusa kila juma, na kila juma mufalme iko mwingine."

Solange hakuitafsiri hiyo.

Walifika kwenye nyumba ambazo watu wanatoka mbali kuzipiga picha. Zilikuwa zimepinda, zimeegemeana, miti yake myeusi ikionekana nje. Dorothy alipiga ukuta mmoja kwa kiganja akaeleza kwa fahari kilichokuwa ndani. Nyirabagenzi aligusa naye, akanusa kidole.

"Sola, hii si miti na udongo?"

"Njo vile, Mama. Iko na miaka mia tano."

"Yesu we! Miaka mia tano na hawajapata hata mabati?"

Hiyo Solange aliitafsiri nusu. Dorothy akacheka kidogo, akaeleza kwamba sheria inakataza kuinyoosha nyumba kama hii, na kadiri ilivyopinda ndivyo bei yake inavyopanda. Nyirabagenzi aliikumbuka nyumba yake, iliyoegemea upande wa bonde tangu mvua za Aprili, akamhurumia fundi ambaye yeye alimtukana kwa ajili ya kupinda huko.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Yaliharibika kwenye viazi.

Kwetu, ukishanunua, muuzaji huongeza kitu kidogo juu: kiazi kimoja, ndizi moja, hata kitunguu kilichochubuka. Hiyo ndiyo matabishi, na bila matabishi hujanunua, umeibiwa kwa adabu. Nyirabagenzi alinunua viazi, akalipa, akafungua mfuko wazi, akangoja. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, akangoja pia. Wakatazamana. Mwishowe mama aliona huyu hakulelewa vizuri, akamsaidia: alichagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakitia mfukoni, akampapasa kijana mkono.

"Mungu akubariki, papa."

Dorothy alikuwa mwekundu hadi shingoni. Aliomba radhi mara nne, akatoa sarafu kulipia kiazi, na kurudi nyumbani alitangulia hatua kumi.

"Ameona haya juu ya kiazi," alisema Nyirabagenzi jikoni, wakiwa wawili.

"Mama, huku hakuna matabishi."

"Siongelee matabishi. Mutu mwenye kuona haya juu ya kiazi kimoja, siku ya kukimbia atakushika weye mukono?"

"Huku bantu habakimbiake, Mama."

"Kila mahali bantu banakimbiaka. Bengine zamu yabo haiyafika, basi."

Solange aliona miguu yake imevimba mno kwa mabishano, akapanda ghorofani kulala. Alilala usingizi mzito wa wajawazito. Giles alikuwa kazini mji mwingine. Dorothy alikaa jikoni na gazeti, na saa kumi na moja na nusu Nyirabagenzi alitoka peke yake kurudi sokoni kununua kitunguu.

Sasa msimcheke kabla hamjaupima ushahidi.

Uwanja ulikuwa mtupu. Meza zote zilikuwa zimetoweka, maduka yamefungwa, hakuna mtu, hakuna hata mlevi. Soko la Kashuga haliishi hivyo. Linapungua polepole, mama mmoja mmoja, na wa mwisho wanauza mpaka giza liwafukuze. Soko linalotoweka mara moja ni soko lililosikia kitu. Na chini, juu ya mawe, lilikuwa limeachwa shu, kabichi zima, bila hata kidonda. Nani anaacha shu zima, ila mtu anayeokoa roho yake?

Alipokuwa amesimama juu ya shu lile, kengele za kanisa zikaanza. Si kengele moja ya kuita watu misani. Zilikuwa nane, zikigongana na kukimbizana, hazina wimbo, na hazikunyamaza.

Kisha akawaona watu. Walikuwa tisa au kumi, wake kwa waume, wamevaa kaptula, jasho linawatiririka, wanakimbia kwa nguvu zao zote kutoka upande wa kanisa. Na hawakubeba kitu. Nyirabagenzi alikuwa amekimbia mara nne na hakuwahi kuona watu waliokosa nafasi ya kuchukua hata sufuria. Mwanamume mmoja mwenye kipara alimpungia mkono na kutabasamu.

"Maskini," alisema mama, "huyu akili imekwisha kutoka."

Akashika kitenge chake kwa mikono miwili na kukimbia. Alifika nyumbani akapita jikoni bila salamu, akaenda chumba cha wageni, akang'oa godoro kitandani, akalitia kichwani, akarudi nalo huku likiangusha picha ukutani. Dorothy aliinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Madame! Go! Go!" Hilo ndilo neno la Kiingereza alilokuwa nalo, alilipata kwa askari wa uwanja wa ndege. Akaonyesha ghorofani kwa kidole. "Solange! Go, go, go!"

Dorothy akasimama. Hapo Nyirabagenzi, pamoja na hofu yote, alitulia mahali pake akatazama, kwa sababu mtu hujulikana kwa kitu cha kwanza anachokishika. Biskuti alikuwa miguuni pa bibi yake, akibweka. Dorothy alimruka. Kabatini kulikuwa na redio nzuri ya fedha, na kando yake sanduku la karatasi za historia ambalo hakumruhusu mtu kuligusa. Alivipita vyote bila kuvitazama. Alipanda ngazi, na ile nyonga yake mbovu, mbilimbili, na aliposhuka alikuwa amemshika Solange mkono, amemvika koti juu ya gauni la kulalia, amemvalisha viatu. Chini ya ngazi aliinama akavuta mfuko mkubwa uliokwisha kufungwa, akautupa begani, akafungua mlango kwa teke.

Mfuko ulikuwa tayari. Nyirabagenzi aliuona, na akasahau kwa sekunde moja kwamba wanakufa.

Barabarani walianza kuvutana. Dorothy alimvuta Solange kuelekea kwenye gari. Nyirabagenzi, ambaye anajua kwamba wenye bunduki huwangojea watu kwenye barabara kubwa, alimvuta kuelekea mashambani, godoro likimziba jicho moja. Katikati yao Solange akaamka sawasawa.

"Mama! Unafanya nini na godoro?"

"Vita, mutoto wangu! Bantu bote bamekimbia! Hausikie kengele?"

"Kengele ni mazoezi! Kila Samedi kama leo ba mama ba kanisa banajifunza kupiga."

"Na bale benye kukimbia?"

Kabla Solange hajajibu, watu wale wale wakatokea tena kwenye kona, kwa mwendo ule ule, kutoka kule kule walikotoka mwanzo. Mwenye kipara akapunga mkono tena.

"Bale ni ba sport, Mama. Banazungukaka muji. Banakimbia bure."

"Bure?"

"Bure."

Mtu anakimbia, hafukuzwi na kitu, halafu anapita palepale mara ya pili: hilo Nyirabagenzi hakulielewa siku ile na halielewi mpaka leo. Aliliweka godoro chini, juu ya mawe, akakaa juu yake. Aibu ilimshika. Alimsikia Solange akimweleza Dorothy kwa Kiingereza, akasikia Dorothy akiuliza, na akangoja uso ule uwe mwekundu kama kwenye viazi.

Haukuwa mwekundu. Dorothy alitazama godoro, akamtazama mama aliyekaa juu yake, akauliza jambo kwa sauti ndogo.

"Anauliza ulikimbiaka mara ngapi," alisema Solange.

"Mara ine."

Dorothy hakuhitaji kutafsiriwa vidole vinne. Hakucheka, hakuomba radhi. Ndipo Nyirabagenzi alipoona kwamba Dorothy hakuwa na viatu. Alikuwa na soksi, na moja ilikuwa imetoboka kidole. Mkono wake bado ulikuwa umeushika mkono wa Solange, kwa nguvu hadi vidole vyake vimekuwa vyeupe, na hakuna aliyemwambia auachie. Nyumbani mbwa alikuwa akilia, amesahauliwa.

"Na hii mufuko?"

"Yeye njo aliufunga, tangu mwezi wa sita wa mimba. Miye sikujua." Solange alijifuta macho kwa kiganja. "Ulisema Solange, go, go. Alifikiri mutoto anakuja. Na alifikiri godoro ni kawaida ya kwetu ya kuzaa."

Nyirabagenzi alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa analia, na hakujificha. Alilia kwa ajili ya mtoto wa njia ya Itebero, ambaye hakuwahi kumlilia mbele ya mtu. Dorothy alikaa kando yake kwenye godoro, kwa shida, kwa sababu ya nyonga, akimvuta Solange chini pamoja naye. Wenye kaptula walipita mara ya tatu wakawazunguka kwa adabu.

Kisha mama akaukokota mfuko magotini pake, akaufungua, akaukagua kitu kimoja kimoja kama mtu wa duane mpakani: nepi, nguo ndogo sana za sufu, blanketi, tochi, biskuti, karatasi za hospitali katika bahasha. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Alipofika chini, alikunja uso.

"Chumvi iko wapi?"

"Mama, ni mufuko wa maternité, wa kuzalia."

"Nimeuliza chumvi. Mutu anaondokaka je bila chumvi?"

Solange akatafsiri. Dorothy alifikiri kidogo, akaona neno hilo lina maana, akaingia ndani na soksi zake, akarudi na pakiti ya chumvi. Nyirabagenzi aliifunga katika blanketi la mtoto, akaizungushia vizuri, akavuta zipu.

"Umuambie, mutoto akishazaliwa, miye narudi Kashuga kupanda maharagi," alimwambia binti yake. "Umuambie nakuacha kwake."