Maboksi Matatu Mlangoni

Kila mwisho wa mwezi huwa naanika vitu vya chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyenituma, ni utaratibu wangu tangu nianze kufua jezi za klabu, miaka kumi na minne sasa. Unyevu ukiingia kabatini, viatu huota ukungu. Jumanne nilianza na kabati la kocha: majaketi, filimbi, kikombe chake, picha ya wanawe. Nikavipanga katika maboksi matatu, nikayaweka mlangoni penye jua, nikaenda kuloweka soksi.

Mpiga picha akapita.

Kesho yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa: KOCHA AFUNGASHA VIRAGO. Chini yake, maboksi yangu. Redio ikasema ameshaelewana na wapinzani wetu. Jioni mashabiki wakajaa getini.

"Msaliti! Mguu ndani, mguu nje!"

"Aende, ila filimbi atuachie!"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akatikisa kichwa. "Mama watoto, mdomo uliponza kichwa. Ukisema, atakayefukuzwa ni wewe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Nilipiga magoti nimwombee kocha. Kila nikifumba macho, naona maboksi. Nikaelewa kwamba Mungu hakutaka maneno yangu usiku ule. Alitaka miguu yangu.

Asubuhi nikabeba boksi la kwanza hadi ofisini kwake.

"Mwalimu, maboksi yale ni mimi. Niliyatoa yapate jua. Sasa hivi naenda kwa mwenyekiti, kisha getini kwa waandishi. Nikifukuzwa, ni haki yangu."

Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama! Tangu jana najiuliza nani kanifungia mizigo, kumbe ni ukungu!"

Moyo wangu ukatua. Nikatoa filimbi niitundike kwenye msumari wake.

"Mama." Sauti ilikuwa imeshuka. "Usiende kwa waandishi."

"Lakini wanakuzushia, mwalimu."

"La maboksi wamezusha." Aliitazama simu yake mezani. "Kupigiwa, nimepigiwa. Wiki iliyopita."

"Ukawakatalia?"

"Sijawajibu."

Filimbi ilibaki mkononi mwangu. Nilikuja kutua mzigo wangu, sasa nimetwishwa wa mwingine.

"Basi nivirudishe kabatini?" nikauliza.

Akainama, akachukua ile picha ya wanawe, akaitia mfuko wa koti. "Vingine acha kwanza."

Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikasema la maboksi, langu mimi. Akanionya, akaniacha na kazi yangu. Nilipotoka getini, mwandishi mmoja akaniwahi na kinasa sauti.

"Shikamoo mama. Wewe uko ndani kila siku. Tuambie, kocha anabaki?"

Mashabiki wakasogea wote, wakinitazama. Asubuhi ile, kabla ya kugonga mlango wa kocha, ningemjibu bila kusita.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikapita.