Binti Usingizi wa Meza ya Simu

Mimi ni mtu wa kusoma vibao. Nikiingia makumbusho yoyote, iwe ile kubwa ya Manila au ya kijiji chenye jembe moja na picha ya padri, nasoma kila kibao, hata kile cha kuonyesha choo. Mke wangu Luming aliacha zamani kuongozana nami. Anasema wenzake wameolewa na wanaume wanaopenda jogoo wa kupiganisha, yeye kaolewa na anayependa skrubu. Sibishi. Nilifundisha historia ya mitambo miaka ishirini na miwili, na nilipostaafu nikarudi kisiwani kwetu Catanduanes, nikaomba funguo za jengo la zamani la simu hapa San Telmo. Nikafukuza popo, nikatoa magunia ya nyuzi za abaka, nikaligeuza makumbusho.

Mle ndani kitu cha maana ni kimoja tu, meza ya kuunganishia simu. Ni ya mti mzito, ina matundu hamsini, nyaya zake, na mpini wa chuma ubavuni. Kila simu ya upande wetu wa kisiwa ilipitia mikononi mwa binti aliyeketi hapo na visikilizio kichwani. Karibu yake nimeweka kitabu cha zamu, ambamo binti huyo alitakiwa kuandika kila simu, saa na dakika. Ni kitabu hicho kilichonifanya mpumbavu, au tuseme nilikitumia kuuonyesha upumbavu niliokuwa nao tayari.

Siku ya kimbunga kile kikubwa kilichong'oa paa la kanisa, mimi nikiwa mtoto wa miaka mitatu, kitabu kina mwandiko mzuri wa wino mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo hakuna neno hata moja hadi saa kumi na moja na nusu. Nilipoziona kurasa zile tupu nilicheka peke yangu. Saa saba mchana, mtu kashiba wali, nani kwetu asiyejua kinachofuata? Saa hiyo hata mbwa wa San Telmo hulala. Nikaamua kwamba binti alilala. Ukurasani palikuwa na herufi mbili za jina, P.B., na sikujisumbua kumtafuta mwenyewe.

Nikampa jina la Binti Usingizi. Nilikitengeneza kisa hicho kama mtu anavyonoa panga, kila wiki kidogo. Nikamwongezea mate mdomoni. Nikamwongezea mkoromo uliosikika simuni mpaka kijiji cha jirani. Mwisho nikaenda dukani nikanunua mto mdogo wa maua, nikauweka kwenye kiti chake, na wageni wakawa wanaulalia wapigwe picha. Miaka tisa nimekisimulia kisa hicho. Nilikisimulia hata Manila, kwenye mkutano wa watu wa makumbusho, wakacheka hadi mmoja akafuta machozi. Huku mjini mtoto akichelewa kuamka mama yake humwita Binti Usingizi. Nilikuwa naona fahari, naomba nilikiri hilo kabla ya mengine.

Alhamisi moja asubuhi akaja mwanamke mzee, mwembamba, na mwavuli wake. Hakutazama redio wala saa za ukutani. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya simu, akauondoa ule mto, akaketi.

"Manay, hapo hapakaliwi," nikamwambia, nikimwita dada mkubwa, ila sauti yangu haikuwa nzuri. "Hicho ni kitu cha historia."

"Samahani, Noy. Magoti haya." Aliniita kaka kwa adabu ya kwetu, lakini hakuinuka. "Mto huu wa nani?"

Aliniuliza mwenyewe, basi nikamsimulia. Nilimsimulia chote, pamoja na mate na mkoromo, tena nikauegemeza uso wangu mkononi kuigiza. Akatabasamu kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Unachekesha," akasema. "Sasa nionyeshe mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Kumpigia mtu kengele, kijiji cha mbali, nifanyeje?"

Hilo huwa nalionyesha kila siku. Nikainama pembeni yake, nikachomeka waya, mkono wa kushoto nikabana swichi ya kengele, wa kulia nikazungusha mpini. Ukiachia swichi, kengele ya mbali inanyamaza. Ukiacha kuzungusha, inanyamaza vilevile. Nikamweleza hayo kwa sauti yangu ya kufundishia.

"Vizuri. Na siku ya mvua, nguzo zimelowa, umeme unavuja njiani?"

"Hapo inabidi uzungushe mfululizo, Manay, tena kwa nguvu, la sivyo kengele haifiki."

"Endelea basi, usiache." Akakisogeza kitabu cha zamu mbele yangu, akaweka na kalamu juu yake. "Sasa niandikie hapo ni saa ngapi."

Niliitazama kalamu. Niliitazama mikono yangu miwili, mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye mpini. Nilizungusha mara mbili tatu zaidi kwa ukaidi tu, kama vile mkono wa tatu ungenimea. Kisha nikaacha. Masikio yalinichoma. Nimeuzungusha mpini ule mbele ya watu maelfu, mimi mtaalamu wa mitambo, na haikunijia hata siku moja kuuliza binti yule angeandika kwa mkono gani.

"Vijiji kumi na moja vya pwani," akasema. "Tulipata habari kutoka ofisi ya Virac saa saba kwamba bahari itapanda. Nikaanza cha kwanza. Wengine waliinua simu, nikawaambia pandeni mlimani. Wengine hawakuinua, nikazidi kuzungusha. Dirisha lilishaondoka na upepo. Ilipofika jioni waya wa mwisho ukakatika, ndipo nikapata mkono wa kuandika."

"P.B.," nikasema.

"Purificacion Bagadiong. Kwetu wananiita Puring. Mkubwa wa kampuni alikuja baada ya wiki, akafungua kitabu. Akauliza andiko liko wapi. Nikamwambia nilikuwa napiga kengele. Akasema kila mvivu husema hivyo. Nikafukuzwa. Nikavuka bahari kwenda Naga, nikashona nguo za watu miaka arobaini." Aliupangusa ule mto, akauweka juu ya meza. "Mwaka jana nimerudi kwa binti yangu. Juzi mjukuu wangu katoka shule anamwigiza Binti Usingizi, anakoroma sebuleni. Hajui ni mimi. Nikacheka naye, ningefanyaje?"

Nilitamani sakafu ile ya mbao, ambayo nimeipigilia misumari kwa mkono wangu, ifunguke. Nikamwambia nitarekebisha kila kitu. Nitatengeneza kibao kipya, nitaweka jina lake na picha, nitamwita meya.

"Jina langu liache. Kwenye kichekesho halikuwamo, na kwenye kibao usilitie. Wewe waambie tu kwamba aliyekaa hapa hakulala."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa naoga, nafunga maji na kusimama tu. Mdomo wangu ulifunguka kwa mazoea ya miaka yote ile, ukasema, "Sawa, Manay, ila nitahitaji ushahidi kidogo."

Hakukasirika. Aliitazama mikono yangu, kisha akauchukua mwavuli wake. "Kusema kwamba alilala ulihitaji ushahidi gani, Noy?" Akashuka ngazi taratibu, ameshika ukuta, nami sikuwa na uso wa kumsaidia.

Ijumaa walikuja wageni wanne. Nikauficha mto kabatini, nikairuka habari ya kimbunga, nikawaonyesha redio. Nilijiambia hiyo nayo ni hatua. Nyumbani nilipomweleza Luming akasema, "Kumbe mwizi akirudisha mali kimyakimya kupitia dirishani, hajaiba?"

Jumamosi akaja Mwalimu Dalisay na darasa lake, watoto thelathini na mmoja wenye daftari, maana walipewa kazi ya kuandika ziara. Hawakutaka kuona redio; wakaniita babu, kama watoto wote wa mjini.

"Lolo Takyo, Binti Usingizi."

"Fanya mkoromo, Lolo."

Mmoja kati yao huenda alikuwa mjukuu wa Puring, ila sikujua ni yupi. Nilizitazama nyuso zote, na kila uso ulikuwa unacheka tayari. Nikamwita mwalimu mwenyewe akae kitini. Nikamwambia abane swichi, azungushe mpini, asiache. Kisha nikampa kalamu.

Alijaribu. Aliishika kwa meno, watoto wakaangua kicheko, halafu kicheko kikapungua kidogo kidogo. Nikawaeleza juu ya vijiji kumi na moja, nguzo zilizolowa na dirisha lililoondoka. Nikasema aliyekaa hapa hakulala, ndiyo maana kurasa ni tupu, na kwamba kwa ajili ya kurasa hizo alifukuzwa kazi.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye miwani, aliinua mkono. "Sasa nani alisema alilala?"

"Kampuni ilisema hakufanya kazi," nikaanza, na kweli nilitaka kuishia hapo. Yule mzee mkubwa wa kampuni ameshakufa, asingenibishia.

"Lakini kulala, Lolo. Mkoromo na mate. Nani alisema?"

"Mimi."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Sikumuuliza mtu. Nilitunga, kwa sababu watu walicheka."

Yule msichana alifungua daftari lake, na wenzake wakamfuata, kurasa zikapekuliwa chumba kizima.

"Nikuandike Lolo Takyo," akauliza, "au jina la kwenye cheti?"

Mwalimu Dalisay alinitazama, akataka kunisaidia kwa kusema muda umekwisha. Nikamwashiria aache. Nikalitamka polepole, Eustaquio Tabligan, nikangoja mpaka kalamu ya mwisho ilipoacha kuandika.