Hatua Mia Mbili Kabla ya Daraja

"Weka mkono mezani, Bi. Tarver, tuuone," alisema wakili wa kampuni ya bima, kwenye kikao cha kuchukua ushahidi kabla ya kesi. Verlene akauacha pale pale ulipokuwa, mapajani, chini ya meza.

Kwa miaka ishirini na sita mkono huo ulishona majina ya wanajeshi kwenye sare zao, katika duka dogo la Columbus, jimbo la Georgia. Sasa vidole viwili havikunjiki, na cha shahada hakihisi kitu. Sindano ikimchoma, hajui mpaka aone damu kwenye jina la mtu.

Aliyemgonga kwa gari, mteja wa bima hiyo, alikaa mbele yake: Dale Whisenant, fundi wa mapaa, shati limenyooka kwa pasi. Asubuhi moja ya Machi alipita taa nyekundu Phenix City, upande wa Alabama wa mto, Verlene akienda kazini. Polisi waliandika hivyo, na Whisenant hakukana. Hakuwa na haja ya kukana.

Wakili wa Verlene, Bi. Keating, alikuwa amemweleza sababu kwa simu jana yake. Sheria ya Alabama ilikuwa ngumu: ikionekana kosa lako limechangia ajali, hata kwa chembe, hupati fidia yoyote. Ng'ambo ya mto, Georgia, wangepunguza fidia kwa kiasi cha kosa lake na kumpa iliyobaki. Lakini inayofuatwa ni sheria ya mahali magari yalipogongana. Hatua mia mbili zaidi, angekuwa ameshavuka daraja.

Dada yake Ardella, aliyemleta kwa gari, hakutaka kusikia habari za mto. Njiani alimwambia aseme alikuwa anaendesha polepole, basi. Kwani nani mwingine alikuwa ndani ya gari? "Watu wanadanganya kwa kitu kidogo kuliko mkono," alisema.

Wakili wa bima akabonyeza kitufe cha kinasa sauti. Ikatoka sauti ya Verlene mwenyewe, nzito kwa dawa, siku ya pili hospitalini. Mtu mwenye sauti ya upole alikuwa amempigia simu kumjulia hali, na yeye akamjibu kama mtu anayejibu jirani: "Labda nilizidisha mwendo kidogo. Nilikuwa nimechelewa."

"Leo uko chini ya kiapo," wakili alisema. "Ulizidisha, hukuzidisha?"

Bi. Keating alikuwa akitazama karatasi zake. Whisenant alikuwa akitazama saa.

"Maili tano juu ya kikomo," Verlene alisema. "Na ninyi mlinipigia simu nikiwa sijui hata siku ni ipi. Hilo nalo liandikeni."

Mwandishi aliyekuwa akinakili ushahidi aliandika yote mawili. Wakili wa bima alifunga faili, akashukuru kila mtu kwa jina, na Bi. Keating akaomba dakika chache azungumze na wakili huyo pembeni. Verlene alichukua koti lake kwa mkono wa kushoto, akatoka peke yake.

Whisenant alikuwa ameshaingia kwenye lifti. Alipomwona akauzuia mlango kwa kiganja.

"Mimi sina ubaya na wewe, mama," alisema. "Sheria ndivyo ilivyo. Ingia, tushuke."

Verlene alisimama. Mlango ulijaribu kujifunga, ukagonga kiganja, ukarudi. Lifti ikaanza kulia. Whisenant alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha, akabadilisha mkono, akaendelea kuushikilia mlango. Verlene hakuingia, wala hakuondoa macho kwenye kile kiganja.