Pome Ndani ya Siki

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitawadanganya. Zinapanda upesi, zinashuka upesi, na zikishapanda huwa nasafisha. Mume wangu Mudathiru akikuta vigae vya bafuni vinameta, huuliza kwanza nani kaniudhi. Wiki ile vilimeta mpaka unajiona sura, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameniambia kwamba Ijumaa anaondoka.

Alikuwa kwetu siku tisa tu. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake kule Rubona, akavunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta mpaka kiwiko. Mudathiru akamleta kwetu, kisha akasafiri na lori lake. Nami nilifurahi, wallahi! Mama yangu nilimzika Tabora kabla ya kurudi Rwanda, na huyu mama ana mdomo mtamu. Anakaa kando ya cherehani yangu, anachomoa nyuzi kwa mkono mmoja, na wateja wakishatoka anawasema mmoja mmoja. Nilitaka abaki hata mwaka.

Tatizo lilikuwa kuoga. Mkono mmoja hauwezi kushika kopo la maji na kujisugua kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nikabeba ndoo ya maji ya moto, nikaingia naye bafuni. Akajifunga kitenge chake mpaka shingoni.

"We ngoja inje," akasema. "Mi nitaoga mwenyewe."

Mke wa mwanawe amwone uchi? Afadhali afe. Sikubishana naye, maana hata mimi nilikuwa naona haya. Alipotoka nilitazama nikaona amelowa uso na miguu tu. Siku tisa, uso na miguu. Mtu msafi kama yule! Akaanza kukaa mbali na cherehani, karibu na dirisha, na mimi nilijua kwa nini. Jumanne jioni akasema anakwenda Bugeshi kwa dada yake, atamwogesha yeye, wametoka tumbo moja.

Bugeshi! Kule juu kwenye baridi, maji ya kubeba kwa kidumu, vijia vya utelezi, na mkono wenyewe ule. Nilimwona kabisa ameshaanguka tena. Na mtaani wangesema Saidati kamfukuza mama wa watu. Lakini si hayo yaliyonikosesha usingizi. Nilikuwa simtaki aende, basi.

Sasa, bafuni kwetu kuna bomba la mvua. Mtu anasimama chini yake, maji yanashuka yenyewe, hahitaji mkono wa kumwagia. Ila la kwetu lilikuwa limeota gamba jeupe miaka na miaka, likitoa nyuzi tatu za maji: moja ukutani, moja kwenye taulo, moja jichoni. Sisi wenyewe tulishalikatia tamaa, tukaoga kwa ndoo. Jumatano asubuhi nikampigia simu Wellars, fundi wa mabomba.

"Fundi, bomba la mvua limeziba!"

"Mvua? Mvua iko inaingia mu nyumba?"

"Bomba la mvua! La kuogea!"

"Aaa, dushi! Nyinyi watu ya Tanzania mutatuua na Kiswahili yenu."

"Njoo leo, fundi, nakuomba."

"Leo siwezi, mama, niko ku chantier, tunajenga nyumba, mpaka wiki ingine. Lakini hiyo haiombe fundi. Unakamata pome, unaitia mu vinegre masaa mbili. Kiisha unasugua bien na brosi, unarudisha. Maji itashuka muzuri."

"Pome moja inatosha?"

"Mama, mu dushi moja unataka pome ngapi?"

Kisha akanionya nisichanganye vinegre na javeli, ile dawa ya kusafishia choo, kwa sababu moshi wake unaweza kuniangusha. Akakata simu.

Vinegre nilijua ni siki. Na pome nilijua pia, kwani sokoni Gisenyi ndivyo wanavyoliita lile tunda ambalo sisi Tabora tulikuwa tunaliita tufaa. Nikaona ajabu, lakini nikasema kila mji na dawa yake, mbona wengine wanang'arisha viatu kwa ganda la ndizi. Nikaenda sokoni, nikachagua pome moja kubwa, jekundu, lisilo na doa. Nikalizamisha kwenye bakuli la siki, nikalifunika sahani, nikarudi kushona. Kila baada ya muda nilikwenda kuligeuza.

Saa mbili zilipotimia nikapanda juu ya kigoda bafuni nikaanza kazi. Nikasugua vigae, nikasugua mrija, nikasugua lile gamba jeupe, siki ikinichuruzika kwapani. Pome likaanza kulegea. Nikafungua maji: nyuzi tatu. Nikasugua tena kwa nguvu, nikimtukana Wellars na ukoo wake mzima.

"Saidati, unafanya nini?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Natengeneza bomba, mama."

"Na pome?"

"Wellars kasema. Nilitie kwenye siki, nisugue, nirudishe. Ila hakunieleza nirudishe wapi!"

Alinitazama. Akalitazama pome. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashikilia ukuta, mpaka akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, machozi yanamtoka, plasta inamgonga gotini. Mimi juu ya kigoda nimenuna, pome linadondoka vipande mkononi.

"Yampaye we!" akasema alipopata pumzi. "Mutoto wangu, pome ni ile!" Akanyoosha kidole kwenye kichwa cha bomba, pale maji yanapotokea. "Pome ya dushi. Ni Kifaransa hiyo. Hawakukufundisha kule Tabora?"

"Watanifundisha nini, tulikuwa tunasema bomba la mvua!"

Akacheka upya, na safari hii hasira zote zikaniisha, nikacheka naye. Kisha akafuta macho akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya bosi: "Leta spana. Na kitambaa."

Ndipo akanieleza. Kabla ya kuzeeka, alisafisha vyumba miaka ishirini na sita katika nyumba ya wageni pale ufukweni. Kila wiki alifungua pome kumi na nne, akazisafisha zote. Mwanawe hakuwahi kunisimulia.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ungesikia? Kila kitu nikishika unaninyang'anya. Mama pumzika, mama kaa. Mi nimevunjika mukono, sikuvunjika kichwa."

Nikaleta spana.

Akaniagiza nizungushie kitambaa kwanza, spana isikwaruze. Nikafungua taratibu. Akaniambia niangalie raba ya ndani isipotee, akaishika yeye kiganjani. Tukaizamisha pome, ile ya kweli, kwenye siki mpya, na mapovu madogo yakaanza kupanda. Baada ya muda akaomba sindano, nikamletea ile ya kushonea jinzi. Nikatoboa tundu moja baada ya jingine, yeye akihesabu kwa Kinyarwanda na kunirudisha nilikoruka. Vipande vya gamba vikatoka kama maganda ya yai. Nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikasuuza. Kabla ya kurudisha akataka mrija wenyewe uachwe umwage maji, uchafu wa ndani utoke.

Nikafunga. Nikafungua maji.

Jamani! Yalishuka mengi, yameenea sawasawa, mpaka nikalowa nguo zote na kigoda changu. Mama mkwe akanyoosha mkono wake mzima chini ya maji, akauacha hapo kitambo kirefu.

"Toka sasa," akasema.

Nikamfunga plasta kwa karatasi ya nailoni inayofunika cherehani yangu, nikamwekea kiti na sabuni karibu, nikatoka, nikafunga mlango. Nilikaa ukumbini nikijifanya nakunja vitambaa. Nikasikia kitenge kikitundikwa. Nikasikia maji yakibadilika sauti alipoingia chini yake, kisha yeye akitoa pumzi, ndefu, ya mtu aliyefika nyumbani. Akaanza kuimba kaswida kwa sauti ya chini. Roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kisha akaniita. "Saidati! Ingia."

Nikafikiri ameanguka. Nikasukuma mlango, macho nimeyainamisha sakafuni kwa adabu.

"Mugongo sifikie," akasema. "Kamata sabuni."

Nikapapasa nikiitafuta sabuni.

"Inua macho, binti yangu. Utasuguaje mugongo wenye hauone?"

Nikainua macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo wake mdogo, mweusi, unaochuruzika maji. Nikasugua.

"Na nguvu," akasema. "Mushonaji mzima hauna mikono? Na Ijumaa tuende soko wote mbili. Hii kiti yenu inateleza, mi siwezi oga nayo wiki sita."

Nikamwambia sawa, mama, tutaenda asubuhi.